Mtoto wako kiwanjani: ni kanuni gani inamlinda?



Kabla ya kushuka mgodini unaangalia taa yako, kofia yako na mabuti yako. Hupiti chini ya mwamba mpaka wenye kazi hiyo waugonge na kusikiliza sauti yake. Huulizi kama msimamizi wa zamu ni mtu mwema ama mbaya. Kanuni ni kanuni, inamhusu mkubwa na mdogo.

Basi tukuulize: mwana wako anapobeba viatu vyake na kwenda mazoezi ya mpira, kanuni gani inamlinda huko?

Mpira ni kitu kizuri. Unajenga mwili, unafundisha kutii na kushirikiana, unamtoa kijana kwenye pombe na uvivu. Katika Katanga yetu, ambako Mazembe na Lupopo zilizaliwa mwaka 1939, ni mtoto gani asiyeota kuvaa jezi? Lakini ndoto hiyo yenyewe ndiyo mlango anaoingilia mtu mbaya. Anayeshika nafasi ya kucheza anashika moyo wa mtoto, na mara nyingi wa wazazi pia.

Hatari tunayoisema leo watu wanaona haya kuitaja: mtu mzima anayetumia mpira ili kumtendea mtoto uchafu wa ngono. Inawapata wavulana na wasichana.

Tazama yaliyotokea Uingereza. Barry Bennell alikuwa mwalimu wa vijana katika kilabu cha Crewe Alexandra. Alisifiwa kwa kuvumbua vipaji. Wazazi walimwamini, wakaacha watoto walale nyumbani kwake. Huko aliwaharibu. Watoto walinyamaza kwa woga na haya, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika ndoto yao. Mwezi wa Novemba 2016 mmoja wao, Andy Woodward, aliyekuwa sasa na miaka 43, alisema mbele ya watu wote. Wengine wengi wakafuata. Mwaka 2018 Bennell alihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa makosa 50 aliyowatendea wavulana 12. Alikufa gerezani mwaka 2023. Ripoti iliyotolewa mwezi wa Machi 2021 juu ya miaka 1970 mpaka 2005 ilionyesha kwamba polisi ya nchi ile walikuwa na majina ya washukiwa wasiopungua 240 na watu 692 walioumizwa.

Somo ni nini? Wazazi wale hawakuwa wajinga. Walimtazama mtu usoni, wakaona wema. Lakini ubaya wa namna hii hauonekani usoni. Mtu huyu haanzi kwa nguvu. Anaanza kwa zawadi: viatu, soda, franga za njia. Kisha anamchagua mmoja, anampa sifa kuliko wenzake. Kisha anatafuta nafasi ya kuwa naye peke yake. Mwisho anamfunga kwa siri: «Ukisema, hutacheza tena.»

Kwa hiyo usitegemee uso wa mtu. Tegemea kanuni, kama kazini:

1. Wakubwa wawili daima. Mwalimu asibaki peke yake na mtoto mahali pa siri, wala ofisini, wala ndani ya gari, wala nyumbani kwake. Mkono mmoja haulei mwana.

2. Kuvaa na kukandwa. Watoto wavae bila wakubwa kuwaingilia. Mtoto aliyeumia akandwe mbele ya wengine, si nyuma ya mlango uliofungwa.

3. Safari. Uliza kabla: nani anaongoza, watalala wapi, watarudi saa ngapi? Hakuna mkubwa wa kulala chumba kimoja na mtoto wa mwenzake. Ekipe ya wasichana isafiri na mama anayeaminika.

4. Simu. Habari za mazoezi zipite kwa wazazi. Mkubwa anayemwandikia mtoto usiku kwa siri anatafuta nini?

5. Mwalimu mpya. Uliza alifundisha wapi, na kwa nini aliondoka. Usiulize yeye tu. Uliza kule alikotoka.

6. Anayeahidi Ulaya. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa toka nchi moja mpaka nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa. Anayekuomba franga na mtoto leo, akiahidi kilabu kesho, usimpe hata kimoja.

Mwalimu mwema hatakasirika kwa kanuni hizi. Zinamlinda yeye pia na masingizio. Anayezikataa, mtazame mara mbili.

Na nyumbani? Tazama mtoto aliyependa mpira akaanza kuukimbia bila sababu, anayekojoa kitandani tena, anayeleta vitu ambavyo hukumnunulia. Usimpige. Kaa naye, sikiliza. Akikwambia neno zito, mwambie: «Nimekusikia, si kosa lako.» Usimrudishe kwa mtu yule.

Kama ametendewa vibaya, mpeleke hospitali siku ile ile. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Kila saa unayopoteza inapunguza nguvu zake. Usimwogeshe, usifue nguo zake kabla munganga hajamwona. Zifunge katika karatasi, uende nazo. Kisha peleka habari polisi. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kila mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto, na imeweka ulinzi wake. Usikubali mambo yamalizwe usiku kati ya jamaa kwa mbuzi na katoni ya bia. Mbuzi ataliwa, mtu yule atarudi kiwanjani, na kesho atachukua mtoto wa jirani.

Ndugu, juma hili ukitoka zamu, kabla ya kulala, pita kiwanjani. Simama nusu saa. Msalimu mwalimu, muulize kanuni za ekipe yake. Mahali ambapo wazazi wanaonekana, mtu mbaya hakai.

Mgodini mwamba unagongwa kabla haujaanguka. Kiwanjani pia, uliza mapema.