Kimeng'enya Kilichomo Katika Mahamri

Alfajiri, Majengo ya Pumwani hunukia iliki. Mama akandaye unga wa mahamri kwa sukari, tui na hamira anaongoza kazi ambayo mwanawe ataikariri shuleni asiielewe. Hamira ni viumbe hai wadogo mno. Hutoa protini iitwayo invatesi, yenye kijishimo kinachoinasa sukari na kuipasua kwa maji iwe glukosi na fruktosi. Hamira huzila hizo, na hewa itokayo huumua unga. Viwandani, invatesi iyo hiyo hulainisha kiini cha chokoleti.

Mtoto huambiwa kwamba hiyo ni enzaimu. Enzaimu! Mjerumani Kühne alilitunga jina hilo kwa Kigiriki katika miaka ya 1870, na maana yake ni "ndani ya hamira". Yaani, naye alichota jikoni. Sisi tunalo letu, kimeng'enya, litokanalo na kumeng'enya, kuvunja kitu kiwe vipande vidogo vidogo.

Najua, walimu wenzangu, mtihani wa biolojia ni wa Kiingereza. Hata hivyo, siku moja ombeni donge la unga ulioumuka, liwekeni mezani, na jina la Kiswahili liandikwe ubaoni kabla ya lile jingine.