Kukosolewa kulivyonisaidia kupiga picha ya mdiria

Ndugu msomaji, mdiria unamjua. Ni ndege mwenye mdomo mrefu, anayekula samaki. Kila kijiji humwita kwa jina lake. Wapo wa aina nyingi, lakini leo ninamsema yule mweusi na mweupe. Ukikaa kando ya Ziwa Victoria utamwona. Husimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga upesi, kichwa kimetulia. Akiona samaki, hujitupa majini kama jiwe.

Mimi ni Bwana Shamba. Kijiji ninachofanyia kazi kiko kando ya Ghuba ya Mwanza. Mwaka jana niliona jambo lililonisikitisha. Watu walikuwa wakichimba mchanga wa kujengea katika ukingo ule ule ambamo mdiria hutoboa mashimo yao ya kutagia. Vijana nao waliwapiga ndege hao kwa manati. Nilisema maneno mengi, lakini hayakusaidia. Basi nikafikiri, labda picha zitasaidia. Nilikuwa na kamera ndogo niliyoinunua kwa mtu. Nikaenda ziwani.

Picha za kwanza

Nilipiga picha kwa siku 3. Nikachagua 6 nilizoziona nzuri, nikaenda mjini kuzichapisha. Kisha nikazipeleka kwa watu waliokuwa wamekaa chini ya mwembe. Nilitegemea kusifiwa.

Mama mmoja anayeuza dagaa alishika picha ya kwanza. Akaisogeza karibu na macho. Akasema, "Bwana Shamba, maji umeyapiga vizuri sana. Lakini ndege yuko wapi? Naona kitu kama nzi."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni niliumia.

Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, hakucheka. Alichukua picha ya pili. Akasema, "Mwanangu, umefanya vizuri kumpata akiwa hewani. Si kazi rahisi. Ila ulisimama ukitazama jua, ndiyo maana amekuwa mweusi mtupu. Nenda asubuhi, jua liwe mgongoni mwako. Hapo utaona kifua chake. Dume ana mikanda 2 myeusi kifuani. Jike ana mmoja, nao umekatika katikati. Katika picha hii siwezi kujua kama ni baba au mama."

Nikatoa kalamu, nikaandika.

Picha niliyoipenda kuliko zote

Nilikuwa nimeificha moja mwishoni. Mdiria amekaa juu ya tawi, dagaa yuko mdomoni, jicho linang'aa. Nilimpa mzee nikitabasamu.

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ulisimama wapi ulipopiga hii?"

Nikajibu, "Kwenye ukingo, Mzee. Karibu na mashimo yao."

Akasema, "Picha ni safi. Lakini tazama samaki. Kichwa chake kimeelekea wapi?"

Nikatazama. Kichwa cha dagaa kilielekea nje, mbali na ndege.

"Mdiria akitaka kula mwenyewe," alisema mzee, "humgeuza samaki ili kichwa kitangulie kooni mwake. Akimshika hivi, kichwa nje, samaki huyo ni wa kumpa mwingine. Huyu alikuwa akipeleka chakula kwa makinda. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni kwake. Alikaa kwa muda gani kwenye tawi?"

Nilikumbuka. Alikaa muda mrefu, nami nilifurahi kwa sababu nilipata nafasi ya kupiga picha nyingi. Kumbe makinda walikuwa shimoni wakingoja. Nilikwenda kuwatetea ndege hawa, nami nikawa wa kuwazuilia chakula. Niliona aibu.

Mzee hakunitukana. Alinionyesha kosa, akaniambia sababu yake, kisha akaniambia la kufanya. "Achana na mashimo," alisema. "Nenda kwenye miti ya zamani ya kufungia mitumbwi. Hapo ndipo wanapokaa wakivizia samaki. Jifiche, ungoje. Watakuja wenyewe."

Nilivyorudia kazi

Nilifanya kama nilivyoambiwa. Nilijenga kibanda kidogo cha matete, mbali na mashimo. Niliingia humo kabla ya jua kutoka. Nilikaa chini ili kamera iwe sawa na jicho la ndege, si kumtazama kutoka juu wala kutoka chini.

Niliirekebisha pia kamera. Mabawa ya mdiria hupiga upesi mno. Kamera ikifunguka kwa muda mrefu, mabawa huonekana kama moshi. Nilipunguza muda huo hadi sehemu 1 ya 2000 ya sekunde. Kwa kasi hiyo kamera inahitaji mwanga mwingi, kwa hiyo nilingoja jua lipande kidogo.

Siku ya kwanza sikupata kitu. Siku ya pili alikuja jike, akakaa juu ya mti. Siku ya nne dume alisimama hewani mbele yangu. Nilipiga. Mikanda yake 2 ilionekana wazi.

Nilipoirudisha picha hiyo chini ya mwembe, yule mama alisema, "Sasa huyu ni ndege." Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, "Ila ziwa limeinama upande. Maji yatamwagika." Tukacheka wote, na safari hii sikuumia. Niliandika hilo pia.

Picha yenye kosa

Ndugu msomaji, ile picha ya ndege mwenye dagaa sikuitupa. Nilikwenda nayo kwa wachimba mchanga. Niliwaambia kosa langu. Niliwaeleza kuwa mdiria na mwenzake huchimba shimo kwa mdomo na miguu, na kwamba shimo hilo huweza kufika mita 1 au zaidi ndani ya ukingo. Niliwaambia pia habari za mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer. Katika miaka ya 1970 aliwachunguza ndege hawa nchini Kenya, kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha. Aliona kuwa mara nyingi madume wengine huwasaidia baba na mama kulisha makinda. Kulea makinda hao ni kazi kubwa.

Kijana mmoja aliitazama picha, akauliza, "Ina maana huyu alishindwa kuingia ndani kwake?" Nikamjibu, "Ndiyo. Kwa sababu yangu." Tulizungumza sana siku hiyo. Mwishowe walikubali kuhamia upande mwingine, mahali pasipo na mashimo. Maneno yangu ya kwanza hayakufanya hivyo. Picha nzuri ya dume hewani nayo haikufanya hivyo. Ni ile yenye kosa iliyofanya kazi, baada ya mzee kunifundisha kuisoma.

Mambo ya kukumbuka

Ukitaka kupiga picha ya mdiria, hata kwa simu:

1. Usikaribie shimo lake. Ukiona amekaa na samaki mdomoni haingii, ondoka upesi.
2. Jua liwe mgongoni mwako.
3. Kaa chini, jifiche, uwe na subira.
4. Usiingie majini. Kuna kichocho, na mahali pengine kuna mamba na viboko.
5. Waonyeshe watu picha zako. Waulize kilicho kizuri, kilichokosewa, na namna ya kurekebisha.

Nawe ukiombwa kukosoa kazi ya mwenzako, fanya kama mzee yule. Kusema "mbaya" tu hakumsaidii mtu. Mwambie ni wapi, kwa nini, na afanye nini.

Miaka mingi nimewaambia wakulima, "Hapa umekosea nafasi ya mistari, rudia." Sasa najua wanavyojisikia. Siku hizi, kabla ya kusema hivyo, kwanza natafuta mstari ulionyooka, nausifu.