Jina na Kipimo: Utambuzi wa Kompaila katika Mifumo Tofauti ya Tarakilishi

Makala hii inakusudia kueleza jinsi kompaila inavyotambuliwa programu inapojengwa katika mifumo tofauti ya tarakilishi, na namna ya kuchunguza utambuzi huo unaposhindikana. Kompaila ni programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na binadamu, kwa mfano katika lugha ya C, kuwa maelekezo yanayotekelezwa na mashine.

Suala hili linawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Tafsiri ya aina hiyo haimfikii mtumiaji mpaka programu ijengwe. Asiyejua kujenga hubaki kumtegemea anayejua.

Tatizo lenyewe si geni kwa mwanafunzi wa lahaja. Munje, kijiji cha pwani karibu na Msambweni katika Kaunti ya Kwale, kimo katika eneo ambamo Chichifundi na Chidigo ni majirani. Majina yote mawili huanza kwa chi-, pale ambapo Kiswahili sanifu kina ki-. Hivyo basi, mtafiti anayesikia chi- hawezi kukata shauri papo hapo kwamba anasikiliza Chidigo. Sharti apime kwa maneno na sentensi zaidi.

Autoconf, iliyoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991, hufuata mantiki hiyo hiyo. Hati yake iitwayo configure hutafuta amri kama gcc au cc katika saraka zilizoorodheshwa kwenye PATH. Ikiipata, huiandikia programu ndogo ya C, huiamuru iigeuze, kisha hujaribu kuyaendesha matokeo.

Kwa hiyo, tiba hutegemea hatua iliyokwama. Kwanza, configure ikisema hakuna kompaila inayofaa, ama haijawekwa ama saraka yake haimo kwenye PATH. Katika Debian na Ubuntu, kifurushi cha build-essential huleta kinachohitajika. Pili, ikisema kompaila haiwezi kuunda programu, maana yake ni kwamba kompaila imeonekana ila imeshindwa mtihani. Wengi huiweka upya kompaila ile ile, ilhali huenda kilichokosekana ni faili za maktaba ya C, ambazo katika Debian hutoka kwenye libc6-dev. Tatu, programu ikiundwa lakini ikakataa kuendeshwa, huenda imekusudiwa mashine ya aina nyingine. Hapo configure huarifiwa kwa --host.

Aidha, jina huweza kupotosha. Katika tarakilishi za Apple, amri ya gcc kwa kawaida huita Clang. Gcc --version huufichua ukweli huo. Anayetaka kompaila mahususi huitaja waziwazi: CC=clang ./configure. CMake nayo huhifadhi chaguo lake la kwanza katika CMakeCache.txt, hivyo kubadilisha CC baadaye hakufai kitu mpaka ujenzi uanzishwe katika saraka mpya.

Katika hali zote zinazohusu configure, faili ya kusomwa kwanza ni config.log. Ujumbe wa kwenye skrini hutaja hukumu tu, config.log huhifadhi programu iliyojaribiwa, amri iliyotumika na jibu kamili la kompaila. Sababu yenyewe kwa kawaida hupatikana humo.