Mfumo wa Cheche katika Pikipiki ya Zamani: Kutafuta Hitilafu kwa Mpangilio

Mada: Usumakuumeme na matumizi yake

Chukua mfano wa pikipiki ya zamani iliyolala nje usiku kucha kijijini Gendabi, chini ya Mlima Hanang. Asubuhi kuna baridi na umande. Dereva anapiga kiki mara 20, haiwaki. Anayesubiri ni mama mwenye mtoto mgonjwa wa kupelekwa Katesh. Mtu wa kubahatisha atasema, "CDI imekufa, nunua nyingine." Inanunuliwa, inafungwa, na pikipiki bado haiwaki. Fedha imekwenda, na kumbe tatizo lilikuwa waya uliolegea.

Mtahiniwa anayebahatisha hupoteza alama kwa namna hiyohiyo. Akiulizwa jinsi ya kutafuta hitilafu, hutaja vifaa vya kubadilisha bila kutoa sababu. Jibu zuri hufuata njia ya umeme hatua kwa hatua, na kila hatua ina sababu yake.

Mfumo unavyofanya kazi

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu: mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, mgandamizo wa kutosha, na cheche inayotokea kwa wakati wake. Hapa tunashughulika na cheche.

Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika ndani ya koili huzalisha voltiji. Pikipiki hutumia kanuni hiyo mara mbili.

Mara ya kwanza ni kwenye sumaku. Unapopiga kiki, gurudumu lenye sumaku huzunguka kando ya koili ndogo na kuzalisha umeme. Umeme huo huhifadhiwa katika kapasita iliyomo ndani ya CDI. Koili nyingine ndogo hutoa ishara wakati pistoni inapokaribia juu, na kapasita huachia umeme wake ghafla.

Mara ya pili ni kwenye koili ya cheche, ambayo ni transfoma ya kupandisha voltiji. Koili ya msingi ina mizunguko michache, ya upili ina mizunguko mingi.

Mfano: Koili ya msingi ina mizunguko 150 na ya upili 15,000. Ikiwa voltiji ya msingi ni 200 V, tafuta voltiji ya upili.

Vu ÷ Vm = Nu ÷ Nm
Vu = 200 × (15,000 ÷ 150) = 20,000 V

Voltiji hiyo kubwa ndiyo inayoruka pengo la plagi.

Pikipiki za zamani zaidi hazina CDI, zina platini. Platini zikifunguka, mkondo wa koili ya msingi hukatika, uga wa sumaku huporomoka, na voltiji kubwa hutokea kwenye koili ya upili. Platini zikichafuka au kuungua, cheche hudhoofika. Husafishwa, kisha pengo lake hupimwa upya, mara nyingi kati ya mm 0.3 na 0.4.

Hatua za kutafuta hitilafu

Anza na kilicho rahisi na kisicho na gharama.

1. Angalia swichi ya ufunguo, swichi ya kuzimia kwenye usukani, na petroli kwenye tangi.

2. Fungua plagi baada ya kupiga kiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, hivyo shuku cheche. Ikiwa kavu kabisa, chunguza kwanza njia ya mafuta na kabureta.

3. Pima cheche. Rudisha plagi kwenye kofia yake, gusisha mwili wake wa chuma kwenye injini, piga kiki na utazame. Cheche ya bluu yenye mlio ni nzuri. Ya njano na hafifu haitoshi, kwa sababu ni vigumu zaidi kwa umeme kuruka katika gesi iliyogandamizwa kuliko katika hewa ya nje.

Tahadhari: Plagi iwe mbali na tundu lake, kwani mvuke wa petroli huweza kuwaka. Usiishike kwa mkono mtupu; tumia plaizi yenye mipini ya plastiki, iliyo kavu.

4. Ikiwa hakuna cheche, safisha plagi, rekebisha pengo (kwa injini nyingi ndogo ni mm 0.6 hadi 0.7), au jaribu plagi nyingine unayojua ni nzima. Kagua kofia na waya wake: unyevu na nyufa huupa umeme njia nyingine ya kufika kwenye chuma.

5. Kagua viungio vya waya na sehemu ya koili inayogusa fremu. Kutu na tope huongeza ukinzani. Safisha kwa msasa, kaza.

6. Katika pikipiki nyingi za kiki zenye CDI, swichi huzima injini kwa kuunganisha waya mmoja wa CDI na fremu. Chomoa waya huo. Cheche ikirudi, tatizo ni swichi au waya wake. Kumbuka, sasa ufunguo hautazima injini.

7. Pima koili kwa multimita, waya zikiwa zimechomolewa. Koili ya msingi husoma omu chache au chini ya hapo. Ya upili husoma maelfu ya omu. Ukinzani usio na kikomo maana yake waya umekatika ndani. Pima pia koili za kwenye sumaku.

8. Yote yakiwa mazima, ndipo ushuku CDI. Huwa ya mwisho kwa sababu multimita ya kawaida haiwezi kuithibitisha. Huthibitishwa kwa kufunga nyingine iliyo nzima.

Hitilafu inayojificha

Kuna pikipiki inayowaka vizuri asubuhi, ikapanda mlima, ikazima, kisha ikawaka tena ikipoa. Sababu inayowezekana ni waya wa koili wenye ufa: joto huutanua, ufa hufunguka na mkondo hukatika. Ukiipima ikiwa imepoa utaikuta nzima. Ipime ikiwa bado ya moto.

Maswali ya kujipima

1. Betri imekufa, lakini pikipiki ya zamani yenye CDI inawaka kwa kiki. Eleza.
2. Plagi imelowa petroli na haina cheche; plagi nyingine nzima nayo haitoi cheche. Taja hatua mbili zinazofuata na sababu zake.
3. Kwa nini koili ya cheche haiwezi kutoa voltiji kubwa ikiwa mkondo wa msingi haubadiliki?

Majibu

1. Umeme wa CDI hiyo hutoka kwenye koili za sumaku, si kwenye betri.
2. Kagua kofia na waya wa plagi, kwani umeme huweza kuvuja. Kisha safisha viungio, kwani kutu huongeza ukinzani.
3. Mkondo usiobadilika huleta uga wa sumaku usiobadilika, na uga huo hauzalishi voltiji katika koili ya upili.