Mstari wa Maji Hausimami: Kupima Afya ya Maji na Matumizi ya Ufuo kabla ya Kujenga, kutoka Diani hadi Taru

Utangulizi

Wasomaji wengi wa jarida hili wanaifahamu Kwale kwa ufuo wa Diani. Ni wachache wanaoifahamu Taru, iliyoko bara ya kaunti hiyo hiyo, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Mombasa kuelekea bara, ukiwemo ule wa Joseph Thomson wa mwaka 1883, iliivuka nyika ya Taru kwa kutegemea ngurunga, yaani mashimo ya miamba yanayohifadhi maji ya mvua. Leo wafugaji wa huko hutegemea pia malambo yaliyochimbwa.

Kwa mtazamo wa kwanza, ufuo wa watalii na nyika ya wafugaji havina uhusiano wowote. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu hizi mbili zinakabiliwa na swali moja: maji huishia wapi, na ni nani mwenye haki ya kuufikia ukingo wake? Swali hili lina uzito zaidi sasa kwa sababu ya Bwawa la Mwache katika eneo la Kinango, ambalo limekusudiwa kuwapatia maji wakazi wa Kwale na Mombasa. Bwawa kubwa likijaa huwa ziwa, nalo ziwa huvuta mashua, mikahawa na wanunuzi wa viwanja. Ni bora basi tujue mapema kinachopasa kupimwa.

Ukingo ni eneo, si mstari

Mchoraji ramani hutaka mstari mmoja wa kutenganisha maji na nchi kavu. Maji yenyewe hayana mstari huo. Katika pwani ya Kenya, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia takriban mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana. Mpimaji atakayeweka vigingi vyake siku za maji mafu ataamini kwamba bahari inaishia chini zaidi kuliko inavyoishia kwa kweli. Ukuta utakaofuata vigingi hivyo utakuwa umejengwa ndani ya upwa.

Kosa hilo lina uzito wa kisheria. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Kiswahili kina neno moja kwa ardhi hiyo: upwa. Aidha, ukuta uliojengwa mahali pasipofaa huyarudisha mawimbi kwa nguvu, yakachota mchanga ulio mbele yake na kuhamishia mmomonyoko kwa jirani. Mchanga wenyewe huhama kati ya msimu wa kusi na wa kaskazi, hivyo ufuo uliopimwa katika msimu mmoja tu ni ufuo uliopimwa nusu.

Katika maziwa, mwendo huo huchukua miaka badala ya saa. Ziwa Naivasha, lililoingizwa katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar mwaka 1995, halina mto unaotoa maji yake juu ya ardhi. Mwishoni mwa mwaka 2009 lilikuwa limeshuka sana. Mwaka 2020 maji yake yaliingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto. Mtu aliyejenga akifuata ukingo wa miaka ya ukame hakuwa nje ya ziwa. Alikuwa ndani yake, ila maji yalikuwa hayajarudi. Huko Taru, lambo hufanya mzunguko huo kila mwaka. Hujaa wakati wa mvua na kubaki tope wakati wa kiangazi.

Namna ya kupima afya ya maji

Vipimo vya msingi ni vichache na vinaeleweka. Cha kwanza ni uangavu. Mwaka 1865 padri na mwanasayansi wa Kiitalia, Angelo Secchi, alieneza matumizi ya kisahani kinachoshushwa majini kwa kamba hadi kisionekane. Urefu wa kamba ndio kipimo. Cha pili ni virutubisho, hasa fosforasi na naitrojeni kutoka mashambani na vyooni. Vikizidi, mwani hustawi kupita kiasi, na unapokufa na kuoza hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Kwa sababu hiyo oksijeni iliyoyeyuka majini ni kipimo cha tatu. Cha nne ni bakteria wa kinyesi, ambao huonyesha kama maji yanafaa kuogelewa. Katika mabwawa ya nyika huongezwa cha tano: udongo unaosombwa na mvua kutoka malisho yasiyo na nyasi, ambao hupunguza kina na umri wa bwawa.

Baharini huangaliwa pia hali ya matumbawe na nyasi za baharini. Joto la El Niño la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Mwamba wa matumbawe ndio unaovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika Diani; mwamba ukidhoofika, ufuo nao huwa hatarini. Afya ya maji na usalama wa majengo, kwa hiyo, ni suala moja.

Kuwahesabu watu na shughuli zao

Upimaji wa maji peke yake hautoshi. Ni lazima ijulikane ni akina nani wanaofika ukingoni, lini, na kwa shughuli gani. Kuhesabu waogeleaji wa Desemba pekee ni kuwasahau wavuvi wanaotumia diko mwaka mzima, wanawake wanaookota na kuvua kwenye upwa maji yakipwa, na vijana wanaocheza kandanda mchangani jioni. Huko bara, mchungaji anayenywesha ng'ombe na mama anayeteka maji ni watumiaji wa ukingo sawa na mtalii aliye ndani ya mashua.

Historia ya Diani inaonyesha gharama ya kulipuuza jambo hili. Hifadhi ya Bahari ya Diani-Chale ilitangazwa mwaka 1995, lakini upinzani wa wavuvi ulizuia usimamizi wake kutekelezwa kama ilivyokusudiwa. Mpango unaweza kuwa na nia njema kwa samaki na bado ukakwama kwa sababu wavuvi wenyewe hawakuuona kuwa wao.

Kutoka vipimo hadi ramani

Vipimo vya maji na vya watu vikiwekwa pamoja, ramani hujichora kwa sehemu kubwa. Kiwango cha juu kabisa ambacho maji yamewahi kufika huonyesha pasipofaa kujengwa. Mahali penye virutubisho vingi huonyesha ni wapi mashimo ya maji taka yamekaribia mno. Njia zinazotumiwa na watu na mifugo huonyesha mapito ambayo hayapaswi kuzibwa kwa ukuta wala lango. Mahali pa kuogelea na mahali pa mashua hutenganishwa. Mambo haya yakiamuliwa kabla ya viwanja kuuzwa, gharama yake ni ya karatasi. Yakiamuliwa baadaye, gharama ni ya kubomoa.

Lugha ya ripoti

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana neno la kusema. Kanuni za Kenya za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 ziliagiza mikutano na wananchi watakaoathiriwa. Hata hivyo, mwananchi hawezi kuipinga wala kuiunga mkono ripoti asiyoielewa. Kisingizio kwamba Kiswahili hakina istilahi hakina mashiko. Upwa, bamvua, maji mafu, diko, lambo na ngurunga ni istilahi kamili, na baadhi yake ni sahihi kuliko maelezo marefu ya wataalamu. Mvuvi anayesema kwamba vigingi viliwekwa siku za maji mafu ametoa hoja ya kitaalamu, ambayo ripoti inapaswa kuijibu.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ukingo wa maji ni eneo linalosogea, na kwamba mpango wa ujenzi unaoupima mara moja, katika msimu mmoja, humnyang'anya mtu haki yake au humjengea mwingine nyumba majini. Diani imejifunza mengi baada ya kujengwa, na Naivasha imejifunza kwa mafuriko. Kinango na Taru bado zina nafasi ya kupima kwanza. Ni juu ya wanaisimu na wanafasihi kukusanya msamiati wa maji kutoka kwa wavuvi na wafugaji, ili siku ya mkutano wa hadhara utakapofika, mzee wa lambo na mpimaji waweze kujadiliana kuhusu mstari ule ule kwa lugha moja.