Umeme Karudi, na Mimi Sikuli

Kwa zaidi ya miaka 20 nimekula mshahara wa kusahihisha Kiswahili cha watu. Nafuta "masaa" naandika "saa", narudisha herufi iliyodondoka, nagombana na waandishi vijana mpaka chai inapoa. Kazi ya uhariri ukiizoea inakuganda mwilini. Nilikuwa narudi nyumbani Kimara usiku, viatu bado viko miguuni, na tayari nimeshamsahihisha mtu. Na mtu mwenyewe ana miaka mitatu.

Huyo ni binti yetu wa kati. Ana jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo hata leo namwita mama. Huyu hakuwa na K. Kila K kinywani mwake iligeuka T: kuku alikuwa tutu, pikipiki ikawa pitipiti, na kaka yake, kifungua mimba wetu, akawa Tata. K yenyewe aliipata alipokaribia miaka minne, tena ghafla, kama mtu aliyeiokota njiani. Jina la kaka yake lilikuwa limeshakauka. Kijana sasa ana ndevu, na mtaani kote anaitwa Tata. Wengi wanadhani ni jina la ukoo.

Mwaka 2011, mgao wa umeme ulipokuwa mkali, tulizoea kula kwa mshumaa. Aliyekulia Dar es Salaam anajua kinachotokea taa zikiwaka: watoto wa mtaa mzima wanapiga yowe kwa pamoja, utadhani timu imefunga goli. Yowe la kwetu lilikuwa la peke yake. "Umeme karudi!"

"Umerudi, mama," nikamwambia. "Umeme umerudi."

Akanitazama kwa huruma. "Alikuwa wapi?"

Mama yake akajibu kutoka jikoni kwamba alikuwa kazini. Basi, jambo likaisha hivyo. Kuanzia siku ile umeme ukawa mtu mzima mwenye ajira, anayeondoka asubuhi bila kuaga. Binti akawa anatuuliza kila jioni, "Umeme leo anarudi saa ngapi?" Na hilo, kwa kweli, ndilo swali tulilokuwa tunaulizana nchi nzima.

Lakini vita yetu kubwa ilikuwa mezani. Akishiba anasukuma sahani na kutangaza, "Sikuli!" Mimi nasema, "Hatusemi sikuli, mama. Tunasema sili." Kesho yake, sikuli. Wiki nzima, sikuli. Siku moja nikakaa na karatasi ili nione kosa liko wapi, na nilichokiona kilinitia aibu kidogo. Nasoma, sisomi. Nakimbia, sikimbii. Nakula, sikuli. Mtoto alikuwa na kanuni mkononi na alikuwa anaifuata barabara. Anayeivunja ni Kiswahili chenyewe, maana vitenzi vifupi kama kula, kuja na kunywa vinabeba "ku" katika nakula na nimekula, halafu vinaitupa kwenye sili na sijala bila kumweleza mtu sababu. Tena ukivuka Namanga kuingia Kenya utawasikia watu wazima, wenye familia zao, wakisema sikuli na hakuji, na maisha yanaendelea.

Wapo wanaoyachunguza haya kwa ustadi. Mwaka 2005 mwanaisimu Kamil Ud Deen alichapisha kitabu kizima kuhusu watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, akaonyesha jinsi wadogo wanavyoviacha viambishi vya mwanzo wa kitenzi. Mzazi yeyote anaijua hali hiyo kwa sikio tu. Kwetu ilikuwa "taka maji", nani anayataka utajaza mwenyewe.

Baadaye zikaja ngeli. Nilimtuma dukani na kaka yake wakanunue mchele kilo mbili. Akamtangulia mwenzake mlangoni na kumwambia muuzaji, "Vilo viwili." Muuzaji akacheka hadi akakaa juu ya gunia. Nilimsahihisha pale pale, mbele ya watu. Usiku nikiwa kitandani ndipo nikakumbuka neno kitabu. Waarabu wana kitab, na "ki" yake ni sehemu ya mwili wa neno, haing'oki. Wazee wetu walipolipokea waliisikia "ki", wakaona hii tunaifahamu, wakasema kimoja ni kitabu, vingi ni vitabu. Madereva nao wakakipokea kipilefti kutoka kwa Waingereza, vikiwa viwili wakaviita vipilefti. Mafundi baiskeli wakasikia neno la Kizungu la bati la kukinga tope, wakalitamka madigadi, kisha likibaki moja wakaliita digadi. Yote hayo yamo katika Kiswahili cha heshima. Binti yangu alifanya jambo lile lile kwenye kilo, nami nikamkemea mbele ya muuzaji wa mchele.

Kitu kimoja sikuwahi kukisahihisha, na nashukuru. Mama yake alikuwa na khanga ya zamani, ya bluu, imechakaa mpaka imekuwa laini kama shavu. Mtoto hakulala bila kushika pindo lake. Ikifuliwa anakaa chini ya kamba akiingoja ikauke. Alipofika miaka minne akagundua kwamba pale chini pana maandishi. Hakujua herufi hata moja, ila alishawaona watu wakisoma majina ya khanga kwa sauti. Basi kila usiku alikuwa anapitisha kidole taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, anatusomea. Siku moja khanga ilisema, "Mama asiende kazini." Siku nyingine ikasema, "Bibi alete maembe." Siku nilipomnunulia ndala mpya ikasema, "Ndala nyekundu," basi. Jina lenyewe la khanga ile ni fumbo la mke mwenza, na halikupata hata mara moja kusomwa kwa sauti nyumbani kwetu.

Kaka yake yeye alikuwa kondakta. Anasimama kwenye mkono wa kochi, anapiga ukuta makofi mawili, "Ubungo, Manzese, Magomeni, Kariakoo!" Nauli ni vizibo vya soda, na mgeni aliyekalia kochi hakusamehewa, hata awe mchungaji. Kitinda mimba alizaliwa 2013. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, yeye alikuwa na miaka mitatu, na mchezo ukabadilika mbele ya macho yetu. Kondakta hayupo. Huyu alijifungia nyuma ya kiti akakata karatasi za daftari langu kuwa tiketi, akatuuzia dirishani, na ukimpa noti anakwambia chenji hakuna. Nadhani huo ndio ushahidi wa kweli kuliko wote niliouona kuhusu usafiri wa jiji hili.

Mwaka juzi tulipaka rangi jikoni. Nyuma ya mlango, chini ya nguo za kupikia, ilikuwa inaning'inia kalenda ya mwaka 2012 ya duka la vifaa vya ujenzi. Nikaishusha niitupe. Kwenye vyumba vya tarehe mama watoto alikuwa ameandika mambo yake kwa kalamu ya wino: mkaa gunia moja, ada, chanjo. Katikati ya mambo hayo, kwa mwandiko mdogo zaidi, alikuwa anaandika maneno ya watoto. Vilo viwili ilikuwapo, na siku yake. "Kesho tulikwenda baharini" nayo ilikuwapo, maana kwa miezi mingi kesho na jana kwa binti zilikuwa kitu kimoja, yaani siku isiyo leo. Mimi ninayeishi kwa maneno sikuwa nimeandika hata moja. Yeye hakusahihisha hata moja.

Mengi niliyakumbuka. Moja sikuwa nimewahi kulisikia, kwa sababu lilisemwa mimi sipo. Lilikuwa la mwezi wa nane, wakati ambao gazeti lilikuwa linanirudisha nyumbani watoto wameshalala. Mama yake aliliandika bila kuongeza neno: "Kauliza: baba naye ana mgao?"

Kalenda ile iko kwenye droo yangu ofisini, chini ya kamusi. Binti ameshamaliza kidato cha sita. Jumapili iliyopita niliwahi kurudi, nikamkuta amekaa mezani, nikamsogezea sahani ya pili ya pilau.

"Sili, baba," akasema. "Nimeshiba."