Jicho la Ndege Katika Mawingu ya Ukambani

Mvua za vuli zinapofika Kitui na Makueni mwezi wa Novemba, wakulima hushukuru. Hizi ndizo mvua wanazozitegemea zaidi kwa mahindi, kunde na ndengu zao. Lakini juu angani, katika njia ya ndege zitokazo Mombasa kwenda Nairobi, rubani hulitazama wingu lile lile kwa wasiwasi.

Huenda wewe msomaji umewahi kuwa ndani ya ndege hiyo. Mnaambiwa mfunge mikanda, kisha ndege inapinda upande, ingawa dirishani huoni kitu. Je, rubani ameona nini?

Ameona picha ya rada. Katika pua ya ndege, nyuma ya kifuniko kisicho cha chuma, mna antena inayogeuka kushoto na kulia kama mtu anayemulika kwa kurunzi usiku. Antena hiyo hutuma mawimbi ya redio. Yakigonga matone ya mvua, sehemu yake ndogo hurudi kama mwangwi.

Mawimbi hayo huenda kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Ikiwa ndege iko juu ya Makindu na mvua inanyesha Embakasi, umbali wa kilomita 150 hivi, mwangwi hurudi baada ya sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Mtambo hupima muda huo na kujua mvua iko wapi.

Nguvu ya mwangwi nayo hueleza ukali wa mvua. Kwenye kioo kilicho mbele ya rubani, kijani ni mvua nyepesi, manjano ni ya wastani, na nyekundu ni kubwa. Mitambo ya kisasa hupima hata mwendo wa matone, ikatambua mahali ambapo upepo unayavuruga ovyo.

Kwa nini basi rubani asipite juu? Wingu la radi katika nchi za joto laweza kupanda zaidi ya kilomita 15, na ndege nyingi za abiria hazifiki huko. Ndani yake mna upepo unaopanda na kushuka kwa nguvu, barafu, radi na mvua ya mawe. Marubani hushauriwa kukaa mbali na wingu kali kwa kilomita 37 hivi, karibu sawa na kutoka Kibwezi hadi Mtito Andei ukipima moja kwa moja.

Hata hivyo, jicho hili lina upofu wake. Rada huona maji. Ukungu na upepo mkali usio na mvua humpita. Barafu kavu iliyo kileleni mwa wingu hurudisha mwangwi hafifu, kwa hivyo rubani akiielekeza antena juu mno, wingu la hatari laweza kuonekana dogo.

Hatari kubwa zaidi ni weusi ulio nyuma ya wekundu. Mvua kubwa humeza mawimbi, yasifike ng'ambo. Kioo huonyesha weusi, na mtu akadhani kuna upenyo. Mnamo Aprili 4, 1977, huko Georgia, Marekani, ndege ya Southern Airways iliingia katika dhoruba ambayo kwenye rada ilionekana kuwa na njia. Mvua na mawe vilizima injini zake zote mbili. Ilijaribu kutua barabarani, na watu wasiopungua 70 wakafa, wakiwemo waliokuwa chini.

Mkulima wa Mutomo anaijua hali hii. Mvua ikisimama mbele ya kilima kama pazia, hasemi kwamba nyuma yake kumekauka. Husema hakuonekani.

Ndege nyingi ndogo hazina rada kabisa. Rubani wa ndege ya namna hiyo anayetaka kutua Ithookwe, mjini Kitui, hutegemea taarifa za hali ya hewa, macho yake na subira.

Kwa hivyo siku nyingine ndege yako ikizunguka, au ikichelewa kuondoka kwa sababu ya mvua, usinung'unike. Mafuta yaliyoongezeka na dakika zilizopotea ni bei ndogo kwa jamaa wanaokungoja uwanjani. Wahenga walisema, kawia ufike.